Mguu wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipojifungua kwa kupasuliwa, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumkanda, na hakuna aliyeuliza kama naijua. Hapa kwetu Kilibula, mjini Uvira, mikono yangu ilikuwa na jina. Mimi ni mshonaji, nashona mapazia na viti vya magari, vitambaa vigumu vinavyotaka mtu wa kuvuta, na tangu zamani jirani akiamka na shingo imekaza analetwa kwenye kibaraza changu. Nilikuwa najisikia sana kwa hilo. Nalisema mapema ili mtu asidhani nilikuwa mjinga wa kawaida; nilikuwa mjinga mwenye sifa.

Kwetu mtoto wa kwanza huletwa upande wa mama. Kwa hiyo mdogo wangu alitoka lopitali na binti yake mchanga, akaja kwa mama yetu, ambako mimi pia naishi, akapewa chumba cha nyuma. Mume wake alikuwa mji wa Baraka, kusini, kwenye kazi ya ujenzi, akipiga simu kila jioni kuuliza mtoto anafanana na nani. Mzazi kwa desturi yetu hatoki. Analala, anakunywa uji wa mtama, anakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, anafungwa kitenge tumboni, na hagusi hata ufagio. Akionekana uani mapema, watu wanauliza kama nyumba ile haina wanawake. Mama aliongeza ukali kwa sababu ya mshono. "Tumbo ingali mbichi," alisema. "Akitembea-tembea, upepo itaingia." Upepo gani, na ungeingilia wapi, sikuuliza.

Mdogo wangu yeye alitaka kutembea. Siku ya nne nilimkuta amesimama dirishani anaangalia ziwa, mkono mmoja kwenye mshono, nikamrudisha kitandani kama mtoto aliyetoroka shule. Nilimgombeza mpaka akageukia ukuta. Mimi ni mtu wa kugomba, sifichi, na wakati ule nilidhani kugomba ni namna mojawapo ya kumpenda mtu.

Siku ya tisa au ya kumi, sikumbuki vizuri na hilo linaniudhi mpaka leo, aliniambia kwamba mguu wa kushoto unamuuma kwenye shavu la mguu. Nikaufunua. Ulikuwa umevimba. Wazazi wengi huvimba miguu, hilo nalijua, lakini yote miwili. Huu ulikuwa mmoja tu, mnene, unang'aa, na ukiugusa ulikuwa na joto kama sufuria iliyoepuliwa kitambo. Mguu wa kulia ulikuwa ule ule wa siku zote, mwembamba, na kovu lake la utotoni. Niliiangalia ile miguu miwili nikashindwa kuelewa jinsi gani ni ya mtu mmoja.

Nikamwita mama. Mama aliukodolea macho, akaubonyeza kidogo, akatoa uamuzi.

"Amelalia upande mumoja sana. Damu imelala. Iamushe."

Basi nikaamsha damu. Asubuhi na jioni, siku tatu mfululizo, nilipasha mafuta ya mawese, nikaupaka ule mguu, nikabonyeza kwa vidole gumba kuanzia kisigino nikipanda juu, juu, kuelekea moyo, kwa sababu hivyo ndivyo mama alivyonifundisha na ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Mdogo wangu aliuma upindo wa shuka.

"Yaya, iko nauma," alisema. Yaya ni mimi, dada yake mkubwa.

"Ikiuma ni kwamba inafanya kazi," nikamjibu. "Vumilia."

Akavumilia. Kila nikimaliza, mguu ulikuwa umevimba zaidi, nami nikafikiri kwamba sijabonyeza vya kutosha. Hilo ndilo nililolifikiri, neno kwa neno. Nimejaribu kukumbuka kama kulikuwa na wazo lingine lolote kichwani mwangu siku zile, hata dogo, la kunitetea. Halikuwepo.

Asubuhi ya siku ya nne tangu nianze, nilimkanda kama kawaida. Nilipokuwa nanawa mikono, mama mkwe wake alifika kutoka Katogota, amebeba termosi ya uji na kuku wawili hai. Ni mama mkimya, mlokole, mtu wa mashamba ya mpunga, mwenye kusalimia watu mmoja mmoja hata mkiwa ishirini. Akammiminia mkaza mwana uji mwenyewe. Mdogo wangu akaketi kitandani, akanywa nusu kikombe, akakiweka chini, akashika kifua.

"Yaya," akasema, "pumzi haifike."

Nilidhani amepaliwa, nikampiga-piga mgongoni. Lakini hakuwa amepaliwa. Alivuta hewa harakaharaka, fupifupi, akakohoa, na midomo yake ikageuka rangi ya majivu. Jasho likamtoka usoni kama mtu aliyetoka kulima, na alikuwa hajafanya lolote ila kuketi. Nikaweka mkono kifuani mwake. Moyo ulikuwa unakimbia kiasi kwamba sikuweza kuuhesabu.

Nikamtazama mama ili aniambie ni nini. Mama hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anakitazama kikombe. Kisha akamtazama mama mkwe.

"Karuho," mama akasema, kwa sauti ya chini.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa neno hilo. Ni sumu inayosemwa kuwa watu huitia kwenye chakula au kinywaji cha mwenzao, na hakuna ukoo usio na mjomba aliyekufa nayo, au anayedaiwa kufa nayo. Na pamoja na neno hilo kuna sheria moja, ambayo nimeisikia tangu nikiwa na meno ya utoto: mwenye karuho hachomwi sindano wala hawekewi serumu, yale maji ya mshipani. Ukimchoma, anakwenda hapo hapo. Anatapishwa kwa majani, ndipo anapona. Naijua sheria hiyo jinsi ninavyojua njia ya kwenda sokoni. Sijawahi kuipima.

Mama akaita jirani mmoja anayejua majani. Akaja mbio na chupa yake. Mimi nilikishika kichwa cha mdogo wangu, naye jirani akamnywesha, na uji wote ukarudi. Alitapika, akatafuta pumzi, akatapika tena. Mtoto alikuwa analia kwenye mkeka. Kila mtu alisema jambo lake. Nilikuwa sijui nishike lipi niache lipi, kwa hiyo nikashika kichwa chake tu.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Kwanza hakuelewa. Nilimwona akielewa, uso wake ulifanya kama unajikunja ndani. Akaingia, akachukua kile kikombe chenye nusu ya uji, akaunywa wote mbele yetu, taratibu, mpaka chini. Akafungua termosi, akamimina kingine, akanywa na hicho. Akamwokota mtoto mkekani, akaketi naye sakafuni, akaanza kumbembeleza.

Hapo ndipo akili iliniruka kabisa. Kama uji una sumu, huyu mama amejiua mbele yetu. Kama hauna, basi mdogo wangu anakufa kwa nini? Mama akaninong'oneza kwamba watia sumu wengine wana dawa ya kujikinga. Nilimkasirikia mama kwa maneno yale, na huku nusu yangu inamwamini, nikajikasirikia na mimi.

Tulipoteza muda mrefu kwa mambo yale, labda saa nzima. Kilichonitoa pale ni mikono ya mdogo wangu. Iligeuka baridi. Nje jua la Uvira lilikuwa linachoma mabati, naye alikuwa baridi na ameloa kama samaki, na nilipomwita jina alinitazama kwa kuchelewa, kisha macho yakarudi nyuma. Nikatoka barabarani nikasimamisha motari wa kwanza aliyepita na pikipiki yake. Tulimweka mdogo wangu kati yangu na dereva, nikamfunga kwangu kwa kitenge, kifua chake kwenye mikono yangu, kichwa kimeniangukia.

Mama alishika usukani wa pikipiki kabla hatujaondoka. "Wasimuchome. Umesikia? Apana sindano."

Nikasema ndiyo. Ningesema ndiyo kwa lolote.

Lopitali walimpokea haraka kuliko nilivyotegemea. Muuguzi alimpima tansyo, yaani presha ya damu, akaangalia kipimo, akapima mkono wa pili, akaenda kuleta kipimo kingine. Walimwekea mpira wa oksijeni puani. Daktari akaja, mwanamke kijana, mdogo kuliko mimi, amevaa ndala za plastiki. Aliuliza amezaa lini, amezaaje, amelala siku ngapi. Nikajibu. Kisha akafunua miguu.

Akatoa mfukoni futi ya kupimia, ile ile ninayotumia mimi kazini. Akapima shavu la mguu wa kulia, akapima la kushoto. Mimi napima watu kila siku, na miguu ya mtu haiachani hivyo. Huu ulizidi kwa sentimita nne. Nilisoma namba mwenyewe, kichwa chini juu. Alipoondoa mkono, vidole vyake vilikuwa na rangi nyekundu ya mawese.

"Nani alikuwa nakanda huu muguu?" akauliza.

Mama alikuwa ameshafika kwa pikipiki nyingine, akanijibia. "Sisi tunakanda wazazi wote, dokta. Ni kazi yetu."

Daktari hakugomba. Nilitamani agombe. Alitueleza kwamba mtu aliyepasuliwa na kulala muda mrefu, damu yake inaweza kuganda ndani ya mshipa wa mguu, na kipande kikikatika kinapanda na damu mpaka mapafuni na kuziba njia huko. Moyo unasukuma, damu haipiti, mwili wote unakosa. Ndiyo maana alikuwa baridi, ndiyo maana tansyo ilikuwa chini hivyo.

Mama yangu naye alizaliwa Katogota, amekua ndani ya maji ya mpunga. Alifikiri, akamkamata daktari. "Mufereji ikizibwa, shamba inakauka. Mbona muguu umejaa?"

"Shamba ya chini inakauka, mama," daktari akasema. "Na maji yenye inatoka juu inafanya nini?"

Mama alijua vizuri inafanya nini. Inarudi nyuma na kujaa. Kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona mama hana jibu, nami nikaogopa zaidi, kwa sababu nilikuwa nimemtegemea awe nalo.

"Ni mikono ndiyo imekata kile kipande?" nikauliza. Sikusema mikono ya nani.

"Kukanda kunaweza kukikata. Kinaweza kukatika chenyewe, hata akiwa nageuka tu kitandani. Hakuna mutu atajua." Kisha akasema wanachotaka kufanya: sindano ya kuzuia damu isiendelee kuganda, chini ya ngozi ya tumbo. Kwa kuwa amepasuliwa juzijuzi anaweza kuvuja damu, kwa hiyo wanataka mtu wa familia akubali na kusaini.

Mama akasimama kati ya kitanda na daktari. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Apana," akalirudia, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Nilimpigia simu shemeji, kule Baraka. Mtandao ulikatika mara mbili. Nilimweleza kwa maneno yaliyogongana, uji, mguu, damu, karuho, sindano, na upande wa pili nilisikia tu upepo na mtu anayegonga nondo. Mwishoni akasema, "Yaya, fanya vile unaona." Simu ikakatika.

Niliona nini mimi? Sikuona kitu. Nilikuwa na daktari anayesema asipochomwa atakufa, na mama anayesema akichomwa atakufa, na wote wawili walikuwa wanasema kweli kadiri ya wanavyojua. Nikamvuta daktari pembeni nikamuuliza lile ambalo nilijua ni aibu kuuliza mahali pale. "Na kama ni karuho?"

Hakucheka. Namshukuru mpaka leo kwa kutocheka. "Kama ni karuho, hii sindano haitamuua. Kama ni damu na sikumuchoma, hatafika jioni."

Ningependa kuandika kwamba hapo nilielewa. Sikuelewa. Nilichukua kalamu kwa sababu mkono wangu mmoja ulikuwa bado na mafuta kwenye kucha, nikayaona, na sikuweza kustahimili kusimama bila kufanya kitu. Nikasaini. Mama akanitazama kama mtu asiyenifahamu, akaenda kukaa kwenye benchi la nje na rozari yake.

Wakamchoma. Ilikuwa sindano ndogo sana, nikaona kama wananidanganya. Nikasimama miguuni pa kitanda, mikono nimeificha kwapani, nikingoja afe. Nasema kama ilivyokuwa. Kila pumzi yake niliihesabu kuwa ya mwisho, halafu inakuja nyingine, nami nakasirika kwa kushtuka bure. Muuguzi aliniambia nimshike mkono nione kama unapata joto. Sikuweza. Nikatoka nikamwita mama aje amshike.

Mchana ukapita hivyo. Tansyo ilipanda kidogo, ikasita, ikapanda. Jua lilipokuwa linaelekea milimani, mama, ambaye hakuwa ameuachia ule mkono, alisema bila kunigeukia, "Vidole vimepata moto." Nikaenda nje, nikajiegemeza ukutani nikalia mpaka mlinzi akaja kuuliza tumempoteza nani.

Siku zilizofuata kila mtu alipata jibu lake. Mama anasema majani ndiyo yaliyomponya, sindano ilimkuta ameshatapika sumu yote, ndiyo maana haikumuua. Hasemi tena sumu ilitoka wapi. Mama mkwe alikuja siku ya pili na termosi ile ile. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akajimiminia, akanywa kwanza, wakakaa benchi moja. Yeye mama mkwe anasema ni maombi. Daktari anasema sindano na bahati. Shemeji alifika kutoka Baraka amejaa vumbi, akanishika akasema mimi ndiye niliyemwokoa mke wake, na nilitaka kumwambia habari za kukanda, sikumwambia. Huenda nilimuua asubuhi na kumwokoa mchana. Huenda sikufanya hata moja. Usiku na mchana nililigeuza jambo hilo, na kila nikiligeuza lina upande mwingine.

Neno moja tu lilikuwa wazi kwangu: sitamgusa tena. Mama alimwogesha, mama mkwe alimlisha, mimi nilifua. Nilifua kila kitu, hata vilivyokuwa safi.

Kisha daktari akasema mzazi aanze kutembea, kila siku, kidogokidogo. Asubuhi hiyo wengine wote walikuwa nje na mtoto. Mdogo wangu akajisogeza mpaka ukingoni mwa kitanda, akashusha miguu, na ule wa kushoto bado ulikuwa mnene kidogo.

"Nishike," akasema.

"Ngoja nimuite muuguzi."

"Minye niko nakuita weye."

Nikamwambia kwamba mikono yangu si mizuri. Nikamwambia yote, nimesimama katikati ya kitanda chake na cha jirani, na nguo mbichi begani: kwamba daktari aliuliza nani na mimi nikanyamaza, kwamba mume wake ananishukuru na mimi namwacha anishukuru.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa.

"Najua, Yaya," akasema. "Nilikuwa hapo. Muguu ni yangu." Akapumzika kidogo, kwa sababu maneno bado yalikuwa yanamchosha. "Nilikuwa najua si vizuri. Ila weye ulikuwa nasema kwa nguvu, na minye nilikuwa nimechoka. Sasa sikiliza. Utanishika, na nikisema acha, utaacha."

"Nitaacha."

Nikaweka nguo chini, nikapitisha mkono wangu nyuma ya kiuno chake. Alikuwa mwepesi, na alikuwa na joto. Tulipita kitanda cha kwanza, cha pili, mama mmoja akavuta ndoo yake kutupisha. Aliegemea kwangu kwa uzito wake wote, anavuta pumzi kwa mdomo, nami nilitaka kumwambia apumzike, akae, tutembee kesho, nikafunga mdomo. Tulipofika mlangoni akashika mwimo.

"Acha," akasema.

Nikaacha hapo hapo.